Bahasha ya Bi Sheikha

Tsofa alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na mtu akitaka kumuudhi alimwuliza swali moja tu: chuo kikuu kipi? Kwa maana chuo chenyewe kilikuwa Nairobi, chenye bustani na maktaba na mkuu wa joho jekundu. Kilichokuwa Mombasa ni tawi, na tawi lenyewe lilikuwa vyumba vitatu vya kupanga, ghorofa ya pili, huko Makadara, juu ya duka la magodoro. Asubuhi vyumba hivyo vilikuwa shule ya chekechea. Saa kumi na moja jioni, watoto wakishakwenda zao, chuo kikuu kiliingia. Watu wazima wenye kazi zao, wengine wenye wajukuu, walijibana katika viti vidogo vya rangi rangi, magoti karibu na kidevu, wakasoma takwimu za elimu mbele ya picha ya bata.

Mwaka ulikuwa tisini na nane. Chuo kilikuwa kimegundua kwamba watu wa pwani wana hamu ya digrii na wako tayari kuilipia, basi kikawafungulia mlango wa jioni. Walimu wake wa kudumu hawakutaka kuhamia huku. Walikuja mara moja kwa muhula, wakalala hotelini kwa gharama ya chuo, wakapanda ngamia ufuoni, wakarudi. Kazi yenyewe waliachiwa watu kama Tsofa, walioitwa walimu wa muda. Mwalimu wa muda hulipwa kwa saa, na saa inayohesabiwa ni ile aliyosimama mbele ya ubao tu. Kutayarisha somo si saa. Kusahihisha mitihani si saa. Chaki ni yake, kitambaa cha kufutia ubao ni chake, ofisi hana, kabati hana, hata msumari wa kutundikia mwavuli hana. Na hizo saa chache zilizokubaliwa hujazwa katika fomu ya nakala tatu, fomu ikapelekwa Nairobi, na huko ndiko ilikokwenda kufia. Tsofa alikuwa amemaliza mihula miwili na hajaona cheki hata moja.

Aliishije? Asubuhi alikuwa karani wa tali katika ghala moja la kahawa, Shimanzi. Alisimama mlangoni na daftari, akahesabu magunia yanayopanda lori. Saa tisa alinawa vumbi kwenye mfereji wa uani, akatoa shati jeupe alilolikunja ndani ya mfuko wa plastiki, akawa mhadhiri. Mwanafunzi hata mmoja hakujua. Hivyo ndivyo alivyoamini, na imani ile ilimpa usingizi.

Jina la mwalimu alilipenda, tuseme kweli, kuliko ilivyomfaa. Alikuwa mtoto wa mgema wa Kaloleni, misheni walimsomesha, akasoma mpaka akapata digrii mbili, na kijiji kizima kilijua kwamba Tsofa yuafundisha chuo kikuu. Kurudi kwao kusema kwamba anahesabu magunia lilikuwa jambo asiloweza hata kuliota.

Katika darasa lake la watu ishirini na wanane, mkubwa wao alikuwa Bi Sheikha wa Mji wa Kale. Umri wake hamsini na sita, mjane, amestaafu unaibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi. Wenzake walipomwuliza digrii ya nini tena, alisema, "Nataka nivae joho kabla sijavishwa sanda." Kila Tsofa alipoingia darasani, Bi Sheikha alisimama wima na buibui lake. Mwanzo wenzake walicheka, kisha wakamwiga. Ikawa watu wazima ishirini na wanane wanajing'oa kutoka vile viti vya watoto ili kumstahi kijana wa miaka thelathini na minne. Tsofa hakuwakataza. Kule kusimamiwa ndiko kulikokuwa mshahara wake, na alitembea nako njia nzima mpaka kwake Bondeni.

Kasoro ya Bi Sheikha ilikuwa hesabu. Wastani aliuelewa, lakini ukimtajia mkengeuko wa namba kutoka wastani huo alikunja uso kama aliyelambishwa shubiri. Kijana mmoja wa Kibohora, Zoher, aliyekuwa akifundisha hesabu katika shule ya jamaa zake, alikaa naye kila baada ya darasa akimwelekeza kwa subira, naye akiandika kwa ule mwandiko wake wa mviringo wa kufundishia watoto wa darasa la tatu. Alijitahidi sana. Haikumwingia.

Jumatano, siku moja kabla ya mtihani, Tsofa alikwenda kwa karani wa tawi, mtu mmoja mcheshi jina lake Samuel, kuuliza habari za malipo. Kuuliza kwenyewe kulimchoma. Alijipanga mlangoni kama mtu anayekuja kuomba kazi, na Samuel alimwacha asimame mpaka alipomaliza kunywa chai.

"Fomu zako ziko kwa mhasibu, mwalimu," Samuel alisema. "Kwa mhasibu zitakwenda kwa mkuu wa idara. Mkuu wa idara yuko masomoni Uingereza."

"Nina mtoto, Samuel."

"Wenzako pia wana watoto. Umewahi kuwasikia wakilia?" Samuel akainama mezani, akateremsha sauti. "Wenzako hawangoji Nairobi. Mtihani ukifika, wanafunzi wenyewe huwa na huruma. Utaona karatasi nyingine zinakuja na uzito wake. Wewe hujawahi kupata karatasi nzito?"

Tsofa alitoka. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli, hilo tumpe. Njiani alimtukana Samuel kimoyomoyo mpaka akakosa matusi.

Alhamisi jioni mtihani ulifanyika. Saa ilipofika, Bi Sheikha ndiye aliyejitolea kukusanya karatasi. Alizipanga vizuri, akazifunga kwa uzi, akampa Tsofa kwa mikono miwili. "Mungu akuweke, mwalimu," alimwambia, naye Tsofa akaitikia amina bila kufikiri sana.

Kwake Bondeni alipanga chumba kimoja, na ndani ya chumba hicho meza moja, ambayo ilikuwa ya kulia, ya kupigia pasi na ya chuo kikuu. Jumamosi alasiri aliiondolea vyombo, akakata uzi. Mkewe, Kache, alikuwa barazani akikaanga viazi karai vya kuuza. Biashara ile ndiyo iliyowalisha mwaka ule, ingawa hakuna aliyekuwa akilisema kwa sauti. Binti yao Naomi, wa miaka minne, alikuwa akichezea maganda.

Karatasi ya juu kabisa ilikuwa ya Bi Sheikha. Mtihani uliandikwa namba badala ya majina, lakini mwandiko ule haukuweza kujificha. Alipoifungua, bahasha ya kaki ikamwangukia mapajani. Haikuandikwa kitu. Ndani mlikuwa na noti za ishirini zilizochakaa, za hamsini, za mia kadhaa, na chini kabisa sarafu.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza: ni nani ahongaye kwa sarafu? Tsofa hakujiuliza. Jibu alikuwa nalo tayari, Samuel alishampa tangu Jumatano. Aliwaza tu, maskini, mama wa watu amevunja kibubu. Akamhurumia. Na baada ya kumhurumia akazihesabu.

Zilikuwa karibu elfu tatu. Alizirudisha ndani ya bahasha, akajiambia Jumatatu atampelekea mwenyewe, amweleze kwa upole kwamba yeye si mtu wa namna hiyo. Akaanza kusahihisha. Swali la kwanza, kumi na nne. La pili, kumi na moja. La tatu, sita, na hizo sita zilikuwa za huruma. La nne halikuguswa. Jumla, thelathini na moja. Ili mtu apite alihitaji arobaini.

Kache akachungulia mlangoni, uso umelowa jasho. "Baba Naomi, mafuta ya kukaangia yamekwisha. Dukani hawanipi tena mpaka tupunguze deni. Nifanye nini na viazi nimeshavimenya?"

Tsofa alimtazama mkewe. Alitazama viganja vyake vilivyorukiwa na mafuta mara ngapi hata havihesabiki. Ndipo hasira yote aliyokuwa nayo juu ya Nairobi, juu ya mhasibu na mkuu wa idara aliyeko Uingereza, ikageuka ikawa ruhusa. Alitia mkono ndani ya bahasha.

"Wamelipa kidogo," alisema. "Jana. Nilisahau kukuambia."

Kache aliziangalia zile noti, akajifuta mikono kwenye leso kwanza ndipo akazipokea. Akacheka, na meno yake yale mazuri Tsofa hakuwa ameyaona kwa muda. "Mshahara wa chuo!" alisema. "Leo ndiyo nitamwandikia mama barua. Alikuwa akiniuliza kila mara, mumeo wamlipa lini, wamlipa lini, mpaka nikawa naona haya kumjibu."

Alipotoka, Tsofa alirudi kwenye karatasi. Angeweza kumpa arobaini na mbili, akapita kwa kusukumwa, na mambo yakaishia hapo. Lakini ukishaingia sokoni unaanza kufikiria bidhaa. Aliona pesa zile ni nyingi kwa arobaini na mbili. Aliona si haki. Akachukua kalamu nyekundu, akaizidisha jumla mara mbili, na juu ya karatasi akaandika sitini na mbili. Bahasha tupu aliiacha mle mle ndani, na karatasi zote akazitia katika katoni la sabuni, akalisukuma chini ya kitanda, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa kabati la chuo kikuu.

Wiki tatu baadaye matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa chekechea, chini ya picha ya bata. Tsofa hakwenda kuyaangalia.

Aliyekuja ni Bi Sheikha. Ilikuwa Jumapili mchana, na Tsofa alikuwa amejinyoosha kitandani na fulana yake yenye matundu. Akasikia barazani:

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo," Kache akaitika.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mwalimu?"

Tsofa aliruka kitandani. Alivaa shati, vifungo akivikosea, akatoka kumlaki. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kufika kwake. Bi Sheikha aliingia, akakaribishwa kiti kilichokuwa kimoja, na Tsofa akakaa ukingoni mwa kitanda. Mgeni alikuwa amemletea mtoto mkate wa sinia uliofungwa kwa karatasi. Hakukitupia chumba macho. Aliangalia mkate, akamwangalia Naomi, akakubali chai.

"Nyumba yenu ina baraka, mwanangu," alimwambia Kache.

"Mungu yuko, mama," Kache alisema kwa furaha. "Tena tangu walipomlipa mshahara mwezi uliopita, hata pumzi twapata."

Uso wa Bi Sheikha ukachangamka. "Wamekulipa, mwalimu? Alhamdulillahi! Mbona hukutwambia tukafurahi pamoja nawe? Sisi tulikuwa twaumia roho muno. Basi ile ada yetu ilikukuta una chako."

"Ada gani, mama?" Kache akauliza.

Tsofa alitaka kusema kitu, lolote, chai imepoa, mtoto anaanguka.

"Mimi mtoto wa maalim," Bi Sheikha alimweleza Kache. "Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chuo chake cha Kurani hapo Mkanyageni. Kila Alhamisi sisi watoto twalimpelekea ada yake, kila mtu kwa uwezo wake, huyu peni, huyu yai la kuku. Si malipo. Wala hapendelewi mtu kwa hiyo ada, aliyeleta na asiyeleta wakichapwa sawasawa. Ni heshima ya mwalimu. Na haitiwi mkononi. Babangu akisema mwalimu hanyoshi mkono mbele ya mwanafunzi wake. Twalimtilia chini ya jamvi ama ndani ya juzuu, azione sisi tushakwenda zetu. Wala haitajwi. Leo nimeitaja mimi, kwa furaha ya hizo habari zako, mwalimu wangu aniwie radhi."

"Ninyi mlimpa?" Kache alisema polepole.

"Darasa zima. Kijana wetu Zoher alimwona Shimanzi, kwenye maghala, na daftari la magunia. Akaja kwangu yuwataka kulia. Nikamwuliza Samuel, akaniambia hawa wa jioni hawajalipwa mwaka huu. Basi tukachanga kimyakimya, na mtihani ukawa Alhamisi. Mimi nikaitia ndani ya karatasi yangu kwa sababu ndiyo niliyoiweka juu, aione kwanza."

Tsofa alikuwa akitazama kikombe chake. Masikio yalimwaka moto. Kwa hiyo walijua. Jioni zote zile alipoingia na shati lake jeupe, akajikohoza, akaandika fomula ubaoni, walijua alikotoka, na bado walisimama. Zile sarafu zilikuwa za nani? Za msichana wa darasani, yule wa posta, anayetembea kwa miguu kutoka Feri kila jioni? Watu wale walimwekea heshima yake ndani ya karatasi, naye akaitoa, akaitafutia bei, akamrudishia mtu chenji ya alama thelathini na moja. Alitamani sakafu ipasuke imfiche, na sakafu ya Bondeni, ya saruji, haikupasuka.

Kache alimtazama mumewe mara moja, kisha akatazama kando.

"Lakini si hilo lililonileta," Bi Sheikha aliendelea, akaweka kikombe chini. "Nimekuya kwa sababu ya hiyo sitini na mbili. Mwalimu, mimi nimesahihisha watoto miaka thelathini. Siku ile ya mtihani nalifika nyumbani nikajisahihisha mwenyewe. Swali la nne sikuligusa. La tatu nalibahatisha. Arobaini sikuifika, wallahi sikuifika. Zoher aliyenifundisha kapata hamsini na tisa, mimi nimemshinda? Watu wanipa hongera, nami sijui uso niuweke wapi. Nakuomba unionyeshe karatasi yangu. Kama nimepata, nijue nilipopata."

Hapa ndipo ungeona faida ya ofisi. Mwalimu wa kudumu angesema karatasi ziko chuoni, kabatini, ufunguo anao mtu fulani, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo angekuwa ameshatengeneza la kutengeneza. Tsofa alifungua kinywa aseme hivyo hivyo.

"Ziko chini ya kitanda, mama," Kache akasema, na sauti yake ilikuwa kavu. Alipiga magoti, akalivuta lile katoni la sabuni kutoka kati ya miguu ya mumewe.

Bi Sheikha alivaa miwani. Hakuhitaji kutafuta sana, mwandiko wake aliujua. Alipoifungua karatasi, bahasha ya kaki ikateleza ikaanguka mezani, tupu, mdomo wake umechanika.

Bi Sheikha aliiacha bahasha ilipo, akafunua kurasa moja baada ya moja, akifuata alama nyekundu kwa kidole. "Kumi na nne," alisoma. "Kumi na moja. Sita. Hapa hapana kitu." Alirudi ukurasa wa mbele. "Thelathini na moja. Na huku juu sitini na mbili."

Naomi alikuwa akitafuna mkate. Bi Sheikha aliiokota bahasha, akaigeuza, akaitazama na ile sitini na mbili, akamtazama Tsofa. Tsofa aliona kwa macho yake jambo linavyomfikia yule mama, polepole, kama lilivyokuwa likimfikia somo la takwimu, ila safari hii alielewa. Akainyoosha bahasha kwa kiganja, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba wake.

"Ulijumlisha mara mbili, mwalimu," alisema. "Hutokea. Hasa mtu akiwa amechoka."

Alikuwa amempa mlango. Tsofa aliujua kuwa ni mlango, na alijua kwamba kando yake kuna mwingine, wa kusema kweli, nilidhani unanihonga, nami nikala, nisamehe. Maneno yenyewe hayafiki kumi. Mkewe alikuwa amesimama pale akiyangoja, na yule mama pia, tena kwa subira, kama anayemngoja mtoto wa darasa la tatu amalizie sentensi.

"Ndiyo, Bi Sheikha," Tsofa alisema. "Nilichoka."

"Basi kairekebishe. Mungu akinipa uzima nitarudia muhula ujao." Akasimama, akajifunga buibui. Kache alimsindikiza mpaka barazani. "Kwaheri, mwanangu," alimwambia. Kisha akamgeukia Tsofa mlangoni. "Kwaheri, baba."

Baba. Tangu siku ya kwanza hakuwahi kumwita ila mwalimu, na leo alimwita kama anavyomwita mwuza maji.

Kache alirudi akakusanya vikombe. Alipofika mlangoni alisimama, mgongo umemwelekea.

"Mimi nimemwandikia mama kwamba wamekulipa," alisema. "Naye ameshasimulia kanisani." Akavishika vikombe vizuri. "Wewe ulidhani zile pesa ni za nini?"

Tsofa alilisukuma tena katoni chini ya kitanda. Kache akaenda kuwasha jiko.

Jumatatu Tsofa alipanda ghorofa kwa Samuel kuomba fomu ya kubadilisha alama. Samuel aliisoma aliyoijaza, akainua nyusi. Mahali pa sababu palikuwa pameandikwa, "Kosa la kujumlisha."

"Mwalimu wa takwimu!" Samuel alipaza sauti ili waliomo wote wasikie. "Umekosea kujumlisha?" Ofisi ikacheka. Kisha Samuel akamsogelea, akamnong'oneza kama rafiki. "Au mlishindwana bei?"

Na Tsofa alicheka. Hilo ndilo lililomwuma baadaye kuliko mengine yote. Hakumkanya, hakuondoka kwa hasira kama siku ile ya kwanza. Alicheka, kwa sababu hasira ina wenyewe, naye hakuwa tena mmoja wao. Alipouliza habari za malipo, Samuel alimwambia fomu zimerudi kutoka Nairobi, hazikupigwa muhuri, azijaze upya.

Mwezi wa kwanza muhula mpya ulianza. Wanafunzi walikuwa wapya, viti vidogo ni vile vile. Zoher na wenzake walikuwa wamepanda mwaka wa pili. Tsofa alipoingia na chaki zake mfukoni, mtu mmoja alisimama mstari wa mbele. Wengine walimtazama yule mama wa buibui, wakatazamana, nao wakainuka. Tsofa aliwapungia mkono wakae, tena haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Akawageuzia mgongo, akaandika tarehe ubaoni kwa muda mrefu kuliko tarehe inavyohitaji.

Bi Sheikha alisoma kwa bidii ile ile. Aliuliza maswali, akajibiwa, akamwita mwalimu mbele za watu kama ada ya darasa inavyotaka. Tsofa alianza kuamini kwamba labda limepita. Watu husahau. Yeye mwenyewe alikuwa akijaribu.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, somo lilipokwisha, watu walikuwa wameanza kukunja madaftari. Bi Sheikha akaja mbele. Mkononi alishika bahasha ya kaki, na Tsofa aliitambua kabla haijamfikia: ni ile ile, mdomo wake uliochanika umebandikwa kwa utepe.

"Mwalimu," alisema, si kwa sauti kubwa, ila kwa ile sauti ya mtu aliyefundisha miaka thelathini, inayofika nyuma. Madaftari yakatulia. "Hii ni ada yako. Ni ya darasa zima, kila mtu ametia. Haihusiani na mtihani wa mtu."

Wanafunzi wale wapya waliona ni jambo la heshima, mmoja akapiga makofi mawili akaacha. Meza ilikuwa pale kati yao. Rejista ilikuwa juu ya meza, imefunguliwa, na bahasha ingeweza kuingizwa chini yake asione mtu. Tsofa alingoja aiingize. Hata alisogea nyuma hatua moja kumpa nafasi. Bi Sheikha hakuiangalia rejista. Alimnyoshea bahasha usawa wa kifua, mbele ya watu thelathini, akangoja.

Angekataa, angesema nini? Kwamba yeye si mtu wa namna hiyo? Cheki ilikuwa haijaja. Asubuhi ile Kache alikuwa amevihesabu viazi vilivyobaki, kimya, kama anavyofanya kila kitu siku hizi.

Alijifuta chaki kwenye suruali, akanyosha mkono. Bi Sheikha hakuiachilia mpaka alipohakikisha vidole vya Tsofa vimeishika barabara, na kila mtu ameona.

"Ahsante," Tsofa alisema, na walisikia mpaka wa nyuma.